Betri ya Dada Twahira

Watu wa Ngarenaro wakimsimulia dada yangu Twahira, huanzia siku alipoegesha gari lake mbele ya gereji ya Elimringi akakataa kuondoka. Mimi siwezi kuanzia hapo. Mimi ndiye niliyempeleka Twahira kwa Elimringi, na kwa kumpeleka nililipwa laki tatu taslimu, mchana kweupe, nyuma ya tangi la maji la gereji ile ile. Nasema mapema ili asije mtu akadai nilijificha. Kujificha nilijificha, tena karibu miaka miwili, ila si kwenu. Nilijificha kwa dada yangu mwenyewe, ndani ya nyumba yake, nikila chakula chake.

Twahira amenizidi miaka tisa. Wazazi wetu walitoka Kondoa wakaja Arusha kutafuta maisha, wakafariki mmoja baada ya mwingine nikiwa darasa la tano. Twahira akaanza kuuza mayai ya kuchemsha stendi, na kwa mayai hayo akanimalizia shule. Kutoka mayai akahamia kuku, kutoka kuku akahamia vifaranga vya siku moja. Mume alimwacha na binti mmoja, Ummy, wala hajawahi kumtaja mbele yangu tangu siku ile.

Jambo moja lijulikane kuhusu dada yangu: hasahau. Kuna jirani mwenye duka aliyewahi kumwambia mbele ya watu kwamba mayai yake ni viza. Imepita miaka kumi na moja. Mpaka leo Twahira hajakanyaga duka lile, na chumvi ikiisha usiku anatembea mpaka barabara kuu kuinunua kwa mtu mwingine. Jirani alishaomba radhi, akaleta na sahani ya maandazi siku ya maulidi. Maandazi tulikula sisi wengine.

Mimi ni dalali wa magari na spea. Gari la Twahira nilimtafutia mimi, haibridi ndogo ya milango mitano, rangi ya fedha, na kwa hilo siombi msamaha kwa mtu, maana lilikuwa gari zuri. Vifaranga vinatakiwa vifike vikiwa hai, na pikipiki ilikuwa inamuulia kumi katika kila mia. Haibridi ilikula mafuta kidogo mno. Alikuwa anaweka ya elfu thelathini anazunguka Tengeru, Usa River na Kikwe siku mbili, akirudi anaipigapiga dashibodi na kuiambia ahsante.

Kosa lilikuwa dogo, nalo lilitoka kwenye huruma. Vifaranga vinaumwa na baridi, na asubuhi za Meru mnazijua. Twahira alipanga maboksi kwenye kiti cha nyuma, akayazungushia kanga mbili, akachomeka pindo zake pembeni mwa kiti ili upepo usipite. Pale pembeni mwa kiti pana matundu madogo kama ya chujio. Sisi tulidhani ni pambo. Kumbe ndipo betri kubwa ya haibridi inapovutia hewa, kuna feni humo ndani inayoipoza. Kwa mwaka mmoja na nusu feni ile ilivuta nyoya za vifaranga, pumba, na vumbi la barabara ya Kikwe, na hewa ikipatikana ni ile iliyopenya kwenye kanga.

Siku moja, akitoka Kikwe, pembetatu nyekundu ikawaka kwenye dashibodi. Gari likaanza kuvuta kwa shida. Akanipigia simu.

"Abasi, gari limeniwakia taa nyekundu. Namuona nani?"

Nikamwambia Elimringi. Kila mtu Ngarenaro alikuwa anasema Elimringi ndiye anayejua haibridi. Alikuwa na kompyuta yake na ovaroli safi, anaongea taratibu utafikiri daktari. Tulipofika aliinua kiti cha nyuma kidogo, akaguna, akamwambia Twahira apumzike kwenye benchi. Mimi akaniita nyuma ya tangi la maji.

"Dalali, dada yako yuko vizuri?"

"Yuko vizuri."

"Vizuri kiasi gani?"

Hapa ndipo ninapoulaumu ulimi wangu. Ningeweza kusema sijui. Lakini nilikuwa namwonea fahari dada yangu, na mtu akimwonea mtu fahari anajikuta anataja namba. "Ana milioni mbili na nusu ndani," nikasema. "Anataka kununua kiwanja Kikwe, robo eka, ajenge banda la kuku."

"Sawa," akasema Elimringi. "Chako kipo."

Asiyejua kazi yetu nimweleweshe. Anayeleta mteja gereji ana chake, na hicho chake hakitoki mfukoni mwa fundi, kinawekwa juu ya bei ya mteja. Tunakiita cha juu. Hakuna anayeona haya. Nimekula cha juu kwenye matairi, kwenye vioo, kwenye rejeta, na waliolipa walinishukuru kwa kuwapeleka kwa fundi mzuri. Kwa hiyo Elimringi alipomwambia Twahira kwamba betri kubwa imekufa, kwamba nyingine imetoka Japani na kwa heshima yangu atamfanyia milioni mbili na laki nne, mimi nilipiga hesabu yangu tu. Niliamini betri imekufa. Hilo naliapia. Ila niliijua bei kabla ya Twahira, na nilijua imepimwa kwa kina cha mfuko wake.

Twahira akauliza, "Hakuna njia nyingine, fundi?"

"Mama, gari bila betri hii ni bati. Utabebea nini vifaranga?"

Akalipa. Baada ya siku mbili tukachukua gari, pembetatu haipo, linakwenda kimya. Mteja wa Arusha hakubali kuambiwa tu kwamba spea imebadilishwa, anataka aondoke na ile mbovu mkononi ndipo moyo utulie. Elimringi akatoa betri ya zamani imefungwa kwenye gunia. Nzito. Nikamsaidia kuibeba mpaka kwenye buti. Jioni ile nikahesabu laki tatu zangu, nikanunua simu, na nikamnunulia Twahira kitenge. Alinibariki kwa kile kitenge.

Mwenye kiwanja cha Kikwe alisubiri mwezi mmoja, akamuuzia mtu mwingine. Mtu yule akazungusha seng'enge, akapanda maharage. Kiwanja kiko kando ya njia ya wateja wa Twahira, hivyo mara mbili kwa wiki alipita hapo akiyatazama maharage ya watu. Hakulalamika. Alisema riziki haikuwa yake, gari lake limepona, alhamdulillahi.

Betri mbovu ilikaa kwenye korido yetu miezi saba, Ummy akiitumia kupangia viatu. Ndipo Twahira akasikia kuna fundi mtaa wa Sakina, jina lake Fanuel, ananunua betri zilizokufa. Akampigia, Fanuel akaja na mizani. Alifungua gunia, akaitazama, akacheka.

"Mama, hii umeitoa wapi?"

"Ni ya gari langu hilo hapo nje."

"Hapana. Hii ni ya gari kubwa. Ukiilazimisha kwako, kiti cha nyuma hakifungi."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na kikombe cha chai. Nilitamani chai ile iniunguze nipate sababu ya kukimbia. Fanuel alitoka nje, akafungua kiti, akamwita Twahira asogee. Betri iliyokuwamo ilikuwa ile ile iliyokuja na gari, na karatasi yake ya kiwandani bado imebandikwa. Bolti zake hazikuwahi kuguswa na spana, zilikuwa na vumbi la miaka. Kilichosafishwa ni kimoja tu, feni. Fanuel akaonyesha kwa kidole pale palipokuwa peupe kuliko kwingine.

"Alichofanya ni kusafisha hii na kufuta taa kwa kompyuta. Dakika kumi na tano. Mimi natoza elfu ishirini."

Twahira aliingia ndani ya gari akakaa kiti cha dereva, akafunga mlango. Alikaa humo mpaka adhuhuri. Alipotoka nilikuwa nimeshapanga maneno, maneno mazuri ya dini, maana mwenye hatia huwa mcha Mungu ghafla.

"Dada, muachie Mungu."

Akanitazama. "Mungu nitamwachia wote waliobaki," akasema. "Elimringi ni wangu."

Polisi hakwenda. Risiti hakuwa nayo, aliandikiwa kwenye karatasi ya daftari isiyo na muhuri. Kwenda kumtukana pia hakwenda, na hilo ndilo lililonitia hofu zaidi. Siku ya pili alipeleka vifaranga Tengeru kama kawaida, akarudi, akawasha gari tena mpaka Sakina. Alimwambia Fanuel anataka kujifunza. Fanuel akasema hana muda wa kufundisha. Twahira akamwekea jogoo wawili mlangoni, wiki iliyofuata wawili tena, na mkewe Fanuel ndiye aliyemwambia mumewe amfundishe mama wa watu kabla nyumba haijajaa kuku.

Miezi mitano alikwenda kila alasiri. Alijifunza kwamba haibridi ina betri mbili, kubwa na ndogo, na kwamba ile ndogo ikichoka gari linawasha taa zote kama lina msiba, kumbe dawa yake haifiki laki mbili. Alijifunza pampu ndogo ya maji ya inveta, kisanduku kinachogeuza umeme wa betri, kwamba ikifa inveta inachemka, na kwamba pampu ni laki na nusu lakini mafundi huipitia kimya ili baadaye wauze inveta nzima. Alijua breki za haibridi zinavyodumu, na kwamba zikianza kulia mlio mrefu ukikanyaga basi hapo kweli uandae hela. Alinunua kidude cha kupimia, kinachomekwa chini ya usukani na kuongea na simu. Mikono yake ikaanza kunuka grisi, wateja wa vifaranga wakamwuliza kama ameolewa na fundi.

Mimi nilikuwa naiona kazi ile ikikua na usingizi wangu ukipungua. Nilimwambia kazi hiyo ni ya kiume. Nilimwambia jua litamharibia ngozi. Nilimwambia Elimringi ana ndugu wengi na watamfanyia vibaya.

"Abasi," akasema siku hiyo, akinimiminia uji, "wewe una roho nzuri sana. Mimi sina."

Sikuumaliza uji.

Mbele ya gereji ya Elimringi, ng'ambo ya barabara, pana duka la mbao. Twahira alikodi uwazi wake kwa elfu thelathini kwa mwezi. Jumatatu moja akaegesha gari hapo, akaweka kiti cha plastiki, mwavuli, na ubao alioandikisha kwa mchora mabango kwa herufi nyekundu: KABLA HUJAUZIWA BETRI YA HAIBRIDI PITA HAPA KWANZA. KUPIMA 10,000. KUSAFISHA FENI 20,000. UKIONGOPEWA UTAJUA. Akaketi, akafungua chupa ya chai, akaanza kuitazama gereji.

Elimringi alitoka akasoma ubao. Akacheka, akapiga makofi, akawaita mafundi wenzake waje waone. "Mama wa kuku amefungua hospitali!" Twahira akanywa chai yake. Wiki ya kwanza alipata wateja wawili, wiki ya pili wanne. Vifaranga alivigawa alfajiri, saa tatu yuko kwenye kiti.

Siku iliyombadilikia Elimringi ni ya Mwalimu Sumari, mzee mstaafu wa Kikwe. Alitoka gereji mikono nyuma, uso umemshuka, gari lake limeachwa humo limefunguliwa kiti. Twahira alimfahamu, alikuwa anamuuzia vifaranga.

"Shikamoo mwalimu. Wamekwambia nini?"

"Marahaba mwanangu. Wanasema betri imekufa. Milioni mbili na laki sita. Itabidi niuze ng'ombe."

Twahira akasimama. Kwa mara ya kwanza alivuka barabara ile. Nilikuwa jirani, nilimwona. Aliingia gereji bila kubisha hodi, akachomeka kidude chake chini ya usukani wa gari la mwalimu, akatazama simu, kisha akapaza sauti ili hata wauza mbao wasikie.

"Mwalimu, soma mwenyewe. Betri kubwa nzima. Iliyochoka ni ndogo, hii hapa ya nyuma. Laki na tisini, na fundi atakufungia hapa hapa ukiwa umesimama."

"Wewe mama, toka gereji kwangu," akasema Elimringi.

"Natoka. Mfungie mwalimu betri ndogo kwanza."

Mwalimu Sumari alikuwa amefundisha nusu ya wanaume waliokuwa pale. Hakupiga kelele. Alisogea mpaka mbele ya Elimringi, akamtazama kama mtoto aliyekutwa anaiba chaki, akauliza, "Elimringi, baba yako ulimzika mwaka gani?"

"Mwaka juzi, mwalimu."

"Nilichangia msiba ule." Akageuka, akaenda kukaa chini ya mwavuli wa Twahira kusubiri. Habari hiyo ilifika Tengeru kabla yake.

Baada ya hapo gereji ikaanza kukauka. Watu walikuwa wanaingia kwa Elimringi, wanasikiliza bei, wanavuka barabara kupima. Wengine waliacha kuingia kabisa. Alishusha bei, haikusaidia. Alituma vijana wamwage oili chafu pale anapoegesha, Twahira akaifukia kwa maranda ya mbao akaendelea kukaa. Nilimwona akinenepa kwa furaha, dada yangu ambaye hakunenepa hata alipokuwa mjamzito. Jioni alikuwa anatusimulia mezani nani leo katoka gereji mikono mitupu, na anacheka mpaka anafuta machozi, na mimi nacheka naye, kwa sababu ningefanya nini.

Sitaki mumfanye malaika. Alikuja mama mmoja wa Njiro, Ruth, ambaye Elimringi alimwambia betri yake inakufa. Safari ile Elimringi alisema kweli. Kidude kilionyesha dalili, nilikuwepo, niliona Twahira akizitazama namba zile na kukunja midomo. Lakini kukubali mbele ya watu wa ng'ambo ile kwamba Elimringi kasema kweli kulimshinda. Akamwambia Ruth betri ni nzima, asafishe feni tu. Siku tisa baadaye mama yule alikwama Usa River na watoto ndani, mvua inanyesha. Twahira alimrudishia elfu thelathini zake akampeleka kwa Fanuel, lakini nilipomwuliza kwa nini, alinijibu, "Siku hiyo simu iliharibika." Simu haikuwa imeharibika.

Mwezi wa kumi na moja tangu ubao uwekwe, Elimringi akaomba suluhu. Alikwenda kwa mjumbe wetu, Mama Penina, akamwambia yuko tayari kurudisha hela ya betri, yote, mbele ya mashahidi, ila Twahira aondoe ubao. Kikao kikawekwa Jumapili saa nane, watu wakishatoka kanisani. Kwa desturi ya vikao vyetu, kila upande unakuja na msemaji wake, mtu mzima wa familia. Elimringi alimleta mjomba wake. Twahira alinichagua mimi.

"Mimi nitakasirika nitaharibu," akaniambia. "Wewe unajua kuongea na watu wa gereji. Utanisemea."

Nilitafuta ugonjwa. Nilisema tumbo linauma. Akanichemshia tangawizi, akanipigia pasi shati.

Mama Penina alituketisha barazani kwake, upande huu na upande ule, meza katikati. Majirani wengi, na yule mwenye duka wa mayai viza naye alikuwepo, kasimama nje ya ua. Nilisimama nikasema yote: pembetatu, milioni mbili na laki nne, betri ya gari lingine ndani ya gunia, bolti zisizoguswa. Mjue kwamba niliongea vizuri. Niliongea kwa uchungu wa kweli, mpaka kina mama wakaguna. Nilimwita Elimringi mnyonyaji. Nikasema aliyekula jasho la mjane wa mume aliye hai hana tofauti na mwizi wa msibani. Mdomo uliponikauka nikakaa.

Elimringi hakubisha. Alitoa bahasha mfukoni, akaiweka mezani. "Nilikosea," akasema. "Feni ilikuwa imeziba, betri ilikuwa nzima. Nimesema mbele yenu. Hela hiyo hapo."

Twahira alifumba macho. Nadhani alikuwa anasikiliza maneno yale yakiingia, alikuwa ameyasubiri muda mrefu. Mama Penina akavaa miwani, akahesabu noti moja moja, akahesabu tena.

"Fundi, hii ni milioni mbili na laki moja. Laki tatu ziko wapi?"

"Mimi narudisha nilichokula," akasema Elimringi. Hakuinua sauti. "Laki tatu hazikukaa kwangu hata saa moja. Muulizeni msemaji."

Baraza zima likanigeukia. Mjomba wake Elimringi akatazama chini, yeye alikuwa anajua. 

Twahira aligeuza kiti chake anitazame vizuri.

"Alikuuliza nina shilingi ngapi?"

"Ndiyo, dada."

"Ukamwambia?"

"Nilimwambia mbili na nusu."

Alipiga hesabu, nami niliiona ikimfika usoni. "Yeye alichukua mbili na laki nne," akasema. "Kwa hiyo huyu mwizi aliniachia laki moja. Wewe, Abasi, uliniachia nini?"

Twahira alichukua bahasha, akamshukuru Mama Penina, akamwambia Elimringi ubao utaondoka kesho. Na uliondoka. Elimringi sasa anaziba pancha na kujaza upepo, mteja wa haibridi hamgusi, na bado namchukia. Angeweza kutoa laki tatu za ziada akanyamaza, zisingemuua. Aliziacha kwa makusudi, alijua nitakaa kiti gani, na alisubiri niongee mpaka mwisho ndipo anipige. Naitafuta siku yake. Nina subira, nimefundishwa na mtu anayeijua.

Nyumbani sikufukuzwa. Nilihama mwenyewe wiki ile, nikapanga chumba karibu na soko la Kilombero. Nilipeleka laki tatu, alizipokea kwa mkono wa Ummy. Nilituma shehe, nikatuma shangazi kutoka Kondoa. Twahira aliwapikia wote, akawasikiliza mpaka mwisho, akawapa nauli.

Siku ya Idd nikasema leo haiwezekani. Idd hata maadui wanashikana mikono. Nilivaa kanzu, nikanunua nyama kilo tatu, nikaingia nyumba niliyokulia. Ndani kulikuwa na majirani, wateja wa vifaranga, Fanuel na mkewe. Twahira alikuwa anapakua pilau.

"Shikamoo dada. Idd mubarak."

Aliniinulia macho. Hakuwa na hasira usoni, na hilo lilinitisha. Alinitazama kwa adabu, kama anavyomtazama mtu anayekuja kuuliza bei.

"Ummy," akasema, "mletee mgeni maji ya kunawa."

Mtoto akasimama na birika, akatazama huku na huku. "Mgeni yupi, mama?"

"Huyo aliyesimama mlangoni. Mkaribishe kiti."

Nilinawa. Nikaletewa sahani nzuri, nyama nyingi kuliko za wengine, na limau pembeni, na watu walikuwa wananitazama. Nilikula nikamaliza yote, nikasema ahsante kwa chakula, na Twahira akanijibu, "Karibu tena."